Toleo Jipya la Hifadhidata ya Wingu: Tukubali Sasa au Tungoje?

SWALI: Ndugu Mshauri, ofisi yetu inatumia hifadhidata ya PostgreSQL toleo la 13, iliyo kwenye wingu. Mtoa huduma ametangaza maboresho matatu: nafasi ya kuhifadhia inayojiongeza yenyewe, uwezo wa kurejesha data ya wakati wowote tuutakao, na kuhamia toleo jipya kwa kubofya kitufe kimoja. Mkuu wangu anataka tuyakubali yote wiki hii. Je, kuna hatari?

JIBU: Ndugu msomaji, maboresho hayo hayana uzito sawa. La urejeshaji liwasheni leo. Kwa Amazon RDS, huduma ya hifadhidata za wingu ya kampuni ya Amazon, kwa mfano, muda wa kutunza nakala rudufu za kujiendesha unaweza kufika siku 35, na mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya mnaweza kurudia hali ya dakika moja kabla ya kosa. Kumbukeni tu kwamba urejeshaji huo huunda hifadhidata mpya yenye anwani yake, hivyo programu zenu zitahitaji kuelekezwa huko. Nafasi inayojiongeza nayo haina neno, mradi mweke kikomo, maana kuipunguza baadaye ni kazi ngumu kuliko kuiongeza.

Penye mashaka ni hicho kitufe. Kuhama ni lazima, kwa sababu kila toleo kuu la PostgreSQL huhudumiwa kwa miaka 5, na toleo la 13, lililotoka mwaka 2020, lilifikia ukomo wake Novemba 2025; isitoshe, wapo watoa huduma wanaotoza ada ya ziada kwa wanaong'ang'ania matoleo yaliyopitwa na wakati. Hata hivyo, mkishahama hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Kilichobaki ni kurejesha nakala ya kabla ya kuhama, na kila kilichoandikwa baada yake kitapotea.

Kwa hiyo tengenezeni kwanza hifadhidata ya majaribio kutokana na nakala rudufu, muihamishe hiyo, kisha muiendeshe na programu zenu halisi. Hapo ndipo mtakapokutana na jambo linalowatia wengi hofu bure: ripoti iliyokuwa ikitoka papo hapo huanza kuchukua dakika kadhaa. Data haijaharibika. Kabla ya toleo la 18, zana ya kuhamisha haikubeba takwimu za majedwali ambazo mfumo huzitegemea kuchagua njia ya kusoma data, kwa hiyo huchagua kwa kubahatisha hadi mtakapotekeleza amri ya ANALYZE, inayokusanya takwimu hizo upya. Viendelezi, yaani nyongeza za hifadhidata kama PostGIS ya data za ramani, navyo huhitaji kusasishwa kwa hatua yake. Kadhalika, kuanzia toleo la 14 nywila mpya husimbwa kwa mbinu iitwayo scram-sha-256 badala ya ile ya zamani, md5, msipobadilisha mpangilio huo, na programu yenye kiunganishi (sehemu inayoiunganisha na hifadhidata) cha zamani inaweza kukataliwa kuingia.

Mwambie mkuu wako kwamba wiki hii kitufe kitabofywa, ila kwenye hifadhidata ya majaribio. Ile halisi isubiri saa ambazo watumiaji ni wachache, na mchukue wenyewe nakala rudufu yake dakika chache kabla.