Maswali ya Wasomaji: Koyote wa Misitu ya Kaskazini

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimehamia Whitehorse, katika eneo la Yukon nchini Kanada. Baadhi ya jirani zangu husema koyote wamejaa msituni, wengine husema ni nadra kuwaona. Mnyama huyu, anayefanana sana na bweha wetu, hula nini theluji inapotanda kwa miezi mingi, na kwa wastani wako wangapi? — Msomaji, Whitehorse.

JIBU: Yamkini jirani zako wote wanasema kweli, kila mmoja kwa mwaka anaoukumbuka. Chakula kikuu cha koyote wa huko wakati wa baridi ni sungura wa theluji, ambaye idadi yake hupanda na kuporomoka katika mzunguko wa takriban miaka 10. Kuanzia mwaka 1986 hadi 1996 watafiti walioongozwa na Charles Krebs waliuchunguza mzunguko huo karibu na ziwa Kluane, humo humo Yukon, wakiwavisha wanyama kola za redio na kufuata nyayo zao thelujini. Waligundua kwamba idadi ya koyote ilipokuwa juu kabisa ilikuwa takriban mara 6 ya ilipokuwa chini kabisa, na kwamba walifikia kilele mwaka mmoja baada ya sungura kufikia chao. Kwa sababu hiyo, wastani unaouliza, hata ukikokotolewa kwa uangalifu, hautakueleza mengi usipotajiwa mwaka.

Linksi, paka mwitu mwenye nyayo pana, hutembea juu ya theluji laini kwa urahisi. Koyote huzama, hivyo hupendelea mahali ambapo theluji ni haba au imeshikamana. Hata hivyo, koyote ndiye aliyeua zaidi: kiwango chake cha juu kilikuwa sungura 2.3 kwa siku, na cha linksi 1.2. Idadi hiyo inapita mahitaji ya tumbo la koyote, kwani mwanzoni mwa majira ya baridi huua wengi na kuwafukia, kisha huwarudia baadaye. (Wanaomwita mlafi wanamwonea.)

Sungura wanapoadimika, linksi hugeukia kindi wekundu, naye koyote huwinda zaidi panya wadogo wa nyasini. Chakula hicho hakitoshi kuwahifadhi wote: uzazi hupungua, na wengi huhama kutafuta riziki kwingine, hivyo kutoweka kwao msituni si lazima kuwe na maana kwamba wamekufa.