Usiache vidonge vya fangasi eti kwa sababu hedhi imeanza

Dada wa Ujiji, hivyo vidonge vilivyobaki usivirudishe kabatini. Umeuliza kama uendelee na klotrimazoli ya kuweka ukeni, miligramu 100 kwa usiku 6, ilhali hedhi imekukuta katikati ya dozi. Umeuliza pia kama kunawia ndimu kunasaidia. Kisha ukaongeza kwamba muuzaji wa duka la dawa amekushauri usitishe kwanza, kwa kuwa damu itausafisha uchafu wote. Ushauri huohuo niliuziwa na kijana wa duka la dawa hapa Mwanga, na ulinigharimu kuliko dawa yenyewe.

Nilisitisha, na kilichoniponza ni kwamba muwasho ulitulia kweli, hata nikamwona yule kijana tabibu mkubwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba fangasi aghalabu huchachamaa siku za kabla ya hedhi na kupoa damu inapoanza, kwa hiyo nafuu ile haikuwa kupona. Hedhi ilipokwisha, uchafu mweupe wa mabonge ulirejea, ngozi ikavimba na kuchanika, na kila nilipokojoa nilihisi kama nimepakwa pilipili. Nilikuwa nauza dagaa Kibirizi nikiwa nimesimama kutwa nzima. Wateja walinisifu kwa uchapakazi, wasijue kwamba kuketi ndiko kulikonishinda.

Nikamrudia yuleyule. Pasipo kuniuliza hata swali moja, alinifungia metronidazoli pamoja na kapsuli za antibayotiki, akapokea fedha na kumwita mteja anayefuata. Metronidazoli hutibu bakteria na trikomona (kimelea cha zinaa), wala haiwagusi fangasi, na antibayotiki huwaua hata wale bakteria wema wanaolinda uke, ndiyo maana fangasi wengi huzuka baada ya dozi za namna hiyo. Mtu aliyevaa koti jeupe na kusimama nyuma ya kioo anapaswa kulijua hilo kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu.

Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyechukua ute kwa pamba, akaupeleka maabara ukatazamwe kwa darubini, kisha akanieleza jambo ambalo ningelipa mara mbili kulisikia mapema: dozi ikishaanza, hedhi si sababu ya kuikatisha. Kidonge huwekwa usiku, ndani kabisa, wakati wa kulala, na huvaliwa pedi badala ya tamponi, kwa sababu tamponi huifyonza dawa. Ambaye bado hajaanza dozi anaweza kusubiri damu ikatike, au kumwomba daktari kidonge kimoja cha kumeza cha flukonazoli, miligramu 150, ambacho hedhi haikiathiri kwa lolote. Lakini mwenye mimba, au mwenye shaka ya mimba, asikimeze.

Basi usiku huu weka kidonge chako, na kesho vilevile, mpaka pakiti iishe, hata kama muwasho utakuwa umekwisha. Ndimu iache kwenye samaki. Ukimaliza dozi na bado unawashwa, au ukaona majimaji ya kijivu yenye shombo (mimi ninayeshinda na dagaa ningechelewa kuitambua), hayo huenda si fangasi kabisa. Nenda ukapimwe kabla hujanunua kitu kingine, na yule muuzaji mwachie wateja wa dawa za mafua.