Pikipiki mpya: mjomba anasema hivi, kijiweni wanasema vile

*Fundi shikamoo. Niko Mikindani, pesa ya korosho msimu huu nimechukua pikipiki mpya, cc 150, kilomita zinasoma 38 tu. Mjomba anasema kila asubuhi niiwashe iungurume nusu saa ndo niondoke, halafu nitembee 40 isizidi mpaka ifike kilomita elfu. Vijana wa kijiweni wanacheka, eti injini inafunguliwa kwa kuvuta moto mpaka mwisho siku ya kwanza. Na wiki ijayo nataka kwenda nayo Masasi. Nimsikilize nani?*

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa chombo. Mjomba habishiwi mbele za watu, ila hapa kapatia nusu tu, na wale wa kijiweni nusu yao wanayo lakini ndo ile ya kuua injini.

Iko hivi, ukuta wa silinda mpya kiwandani wanaukwaruza makusudi, vimistari vinakatizana kama msuko wa ukili, na ringi za pistoni siku za mwanzo zinajisugua pale mpaka zikae. Kinachozibana ringi kwenye ukuta ni presha ya moto unaowaka juu ya pistoni, sasa ukiiacha inaunguruma tu imesimama presha hiyo inatoka wapi? Mimi ya kwanza niliilea kama mtoto mchanga, baada ya miezi ikaanza moshi wa bluu na kunywa oili, tulivyofungua bloku ukuta unang'aa kama sahani ya kaure, ringi hazijakaa hata kidogo.

Kwa hiyo iwashe, ipe dakika moja mbili, ondoka taratibu. Kilomita 500 za kwanza usivute moto, yaani mkono wa mafuta, zaidi ya nusu, kuanzia hapo mpaka 1,000 usipite robo tatu. Ila cheza na spidi, panda mpaka 50, achia moto ishuke yenyewe mpaka 30, panda tena. Kwenye mlima ikianza kulalamika punguza gia, usiilazimishe na gia kubwa. Masasi nenda, ila ni kama kilomita 200 na lami inashawishi mtu kukaa spidi moja saa nzima, ndo kosa lenyewe hilo hata kama spidi ni 40. Simama Mnazi Mmoja ipoe, kunywa chai. Kupakia abiria mishkaki hapana, gunia hapana, na kupandisha Newala na mzigo subiri kwanza.

Oili ya kwanza imwage mapema, kitabu chako kitasema, nyingi ni kati ya 500 na 1,000, mimi binafsi sivuki 500. Weka oili ya pikipiki, iliyoandikwa JASO MA kwenye chupa, maana klachi yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo, ukiweka ya gari inaweza kuanza kuteleza. Siku hiyohiyo fundi akaze nati, aangalie cheni na aseti tapeti, yaani nafasi ya valvu.

*Fundi, mimi ni mama niko Lindi mjini, nimemnunulia mwanangu bodaboda. Kumwaga oili ya kwanza imetoka inametameta, fundi wa mtaani anasema injini imekufa tufungue. Kweli?*

Mama shikamoo. Usifungue kitu kwanza. Chuma kipya kikisuguana lazima kitoe unga, na ndo sababu oili ya kwanza inamwagwa mapema. Mwambie kijana achukue tone, alipake kwenye karatasi nyeupe juani, alisugue kwa vidole. Ikiwa ni vumbi linalong'aa kama rangi ya kucha na vidole havisikii kitu, ni kawaida, weka oili mpya, oili ya pili ataona imepungua sana. Ila akiokota vipande vinavyokwaruza au chembe unayoweza kuishika kwa kucha, hapo asiwashe tena, arudishe dukani ikiwa bado ina waranti. Huyo fundi akianza kushika spana kabla ya hapo, waranti ndo basi tena.