Kitanzi cha Kamba ya Nailoni Kinachofumuka

SWALI: Kwa muda mrefu nimetengeneza vitanzi vya kamba ya katani kwa kuzirudisha nyuzi zake ndani ya msokoto mara tatu, navyo hudumu. Nilipofanya vivyo hivyo kwa kamba ya nailoni ya nyuzi tatu, kitanzi kilifumuka mara tu kilipovutwa kwa nguvu. Je, nipige fundo tu?

JIBU: Ndugu msomaji, usikimbilie fundo. Fundo huikunja kamba kwa ghafla na mara nyingi huipunguzia karibu nusu ya nguvu zake, ilhali kitanzi kilichosukwa vizuri huiachia takriban asilimia 90. Kilichokuponza ni utelezi, kwa kuwa kitanzi cha namna hii hushikwa na msuguano peke yake: katani ina ukakasi, nailoni haina. Kwa nailoni, kila uzi upite angalau mara tano. Basi fumua urefu wa kutosha, takriban mara 20 ya unene wa kamba, na ufunge utepe mahali pa kuishia ili msokoto usiendelee kulegea.

Hata hivyo, kuongeza idadi hakutafaa kitu ikiwa mwanzo umekosewa, na wengi hukosea kwenye uzi wa tatu. Katika nyuzi tatu ulizofumua, uzi wa kati hupita chini ya uzi mmoja wa kamba isiyofumuliwa, ukikatiza msokoto; wa kushoto hupita juu ya uzi huohuo kisha chini ya unaofuata. Hapo geuza kazi yote, nawe utaona uzi mmoja wa kamba ambao bado hauna kitu chini yake. Uzi wa tatu uingie hapo kutoka kulia kwenda kushoto, kama wenzake, ingawa mkono hutamani kuuingiza kwa upande wa pili. Ukipatia, nyuzi tatu zitatokeza katika nafasi tatu tofauti, kila moja peke yake. Zikitokeza mbili pamoja, fumua uanze tena.

Kuanzia hapo kazi ni nyepesi: juu ya mmoja, chini ya mmoja, ukikaza kila mzunguko kabla ya kuanza mwingine, na kuurudishia uzi msokoto wake usije ukalala bapa. Mwishoni usikate ncha sawasawa na kamba. Acha kipande kifupi, kwa sababu kamba ikivutwa mara za kwanza ncha hujivuta ndani kidogo, kisha uziyeyushe kwa moto mdogo bila kuiunguza kamba yenyewe.