Maswali na Majibu: Jibu Lililopotea Ndani ya Multimita

SWALI: Naiendesha multimita ya mezani kwa kompyuta kupitia kebo ya USB. Natuma MEAS:VOLT:AC? (kuuliza volti za AC), papo hapo natuma MEAS:FREQ? (kuuliza masafa, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde), ndipo nasoma. Napata jibu moja tu pamoja na kosa la -410. Nimeshabadilisha kebo, wapi!

JIBU: Kebo haina kosa, rudisha ile ya zamani. Chombo kinachofuata IEEE 488.2, yaani kiwango cha mawasiliano kati ya kompyuta na vyombo vya kupimia, kina bafa ya kupokea, ambamo amri zako husubiri kuchambuliwa, na foleni ya majibu, ambamo jibu hukaa hadi kompyuta ilichukue. Ujumbe mpya ukiingia kabla jibu la kwanza halijasomwa lote, chombo hulitupa jibu hilo na kuandika -410. Kwa hiyo ulichosoma ni masafa, si volti. Hapo ndipo penye hatari: namba inapendeza, programu imenyamaza, na safu yako ya volti imejaa hezi.

Tuma, soma, tuma, soma. Ukitaka safari moja, unganisha:

MEAS:VOLT:AC?;:MEAS:FREQ?

Majibu yatakuja kwenye mstari mmoja, mfano +4.98213E+00;+1.00004E+03. Usiisahau nukta pacha iliyo baada ya nukta mkato, maana ndiyo inayokirudisha chombo kwenye shina la amri. Bila hiyo kitaitafuta MEAS ya pili chini ya tawi la MEAS:VOLT, kisiione, kiandike -113, yaani amri isiyojulikana.

Kwa soketi ya TCP, yaani ukiunganisha kwa mtandao badala ya USB (vyombo vingi hutumia bandari 5025), mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa jibu usilolisoma hukusubiri upande wa kompyuta. Ukiruka moja, kila usomaji unaofuata utakupa jibu la amri iliyotangulia, bila kosa lolote kuandikwa.

Mambo yakishavurugika usiitegemee amri ya *RST. Kazi yake ni kurejesha mipangilio ya mwanzo. Kwa USB, tumia viClear ya VISA (maktaba ya programu ya kuwasiliana na vyombo), ambayo hufuta bafa ya kupokea na foleni ya majibu na kuacha mipangilio ilivyo.

SWALI: Na -420?

JIBU: Umesoma pasipo kuuliza. Mara nyingi kiulizo kimesahaulika, au amri yenyewe ilikataliwa: kifupi MEAS kinakubalika, neno zima MEASURE linakubalika, MEASU haikubaliki. Tuma SYST:ERR?, inayouliza kosa lililoandikwa, tena na tena hadi upate 0,"No error". Kosa la zamani zaidi hutoka kwanza, na kwa kawaida ndilo lililozaa mengine.

SWALI: Data ya wimbi kutoka kwenye osiloskopu (chombo kinachochora wimbi la umeme) hukatika, leo baada ya baiti 312, kesho baada ya 90.

JIBU: Programu yako huacha kusoma ikikutana na baiti yenye thamani 10, yaani alama ya mstari mpya. Katika maandishi hiyo ni sawa. Katika data ghafi, 10 ni kipimo kama kingine chochote, na hutokea popote wimbi linapofikia kiwango hicho.

Kitazame kichwa cha data: #41000 maana yake tarakimu 4 zinazofuata, 1000, ndizo idadi ya baiti. Zima alama ya kukomesha usomaji, soma baiti 6 za kichwa, kisha 1000, kisha moja zaidi ya mstari mpya. Ukiiacha hiyo ya mwisho, usomaji unaofuata huenda ukarudi mtupu.