Mwambie atoe ulimi, usimulike koo tu

Juzi dogo mmoja anayesomea utabibu, yuko fildi hapa Dodoma, kaniandikia inbox, "kaka, mgonjwa akifungua mdomo mi naona giza tu, unaangaliaga nini?" Nimeisoma mara mbili. Hilo swali nilitakiwa kumuuliza mtu 2016 na sikuuliza, saratani ya mdomo ikanipita machoni.

Mwaka huo nilikuwa zahanati moja huko vijijini Chamwino. Akaja babu, mbwia ugoro wa miaka mingi, anasema ulimi unachoma hata akila mlenda. Mlenda jamani, kitu kinachoteleza chenyewe! Mi nikamwambia "babu sema aaa", nikamulika na tochi ya simu, koo safi, nikaandika dawa ya kusukutua. Akarudi. Nikaandika tena. Mara ya tatu nikampa antibayotiki nikajiona nimefanya kazi.

Mara ya nne kaja na binti yake, shingoni ana tezi ngumu kama jiwe. Siku hiyo zamu nilikuwa na dada mmoja, tabibu mzoefu, akavaa glovu, akamwambia babu atoe meno ya bandia (mimi hata sikujua anayo!), akaushika ulimi kwa gozi (kile kitambaa cheupe cha kufungia vidonda), akauvuta taratibu pembeni. Kidonda kilikuwepo ubavuni mwa ulimi, nyuma huko, kingo zimenyanyuka, ukigusa kigumu. Dada hakunisema kitu, alinisogezea tochi tu na mimi nione. Rufaa mpaka Dar, lakini babu hakuumaliza mwaka. Bado inaniuma na sioni aibu kuliandika.

Sasa dogo, sikia. Meno ya bandia yatoke kwanza. Midomo, mashavu kwa ndani, fizi, kaakaa, halafu mwambie anyanyue ulimi uone chini yake, na mbavu za ulimi zote mbili uzivute kwa gozi. Koo iwe ya mwisho, maana ukianza na kile kijiti cha kukandamizia ulimi mtu anataka kutapika na hakufungulii tena. Kisha kidole kipite, kimoja ndani na mkono mwingine chini ya kidevu, na shingo uipapase. Kidonda kimepita wiki mbili hakiponi, acha kusukutuisha watu, mpe rufaa akatolewe kinyama kipimwe. Na usikunje uso kwa harufu, mtu akiona umekunja anafunga mdomo na haongei tena, hata kama kabwia ugoro asubuhi hiyo hiyo.

Mwezi uliopita kaja mama muuza karanga, yeye shida yake ni kikohozi, huku kwetu kikohozi kidogo tu watu wanawaza kukata kimeo na yeye ndicho alichotaka. Nikamwambia mama ngoja kwanza, toa ulimi. Chini yake kulikuwa na kidonda kama punje ya mtama, hakimuumi wala hakujua anacho. Kimekatwa mapema, majibu yametoka, na jana kanipigia anaongea vizuri kabisa. Nilikaa kwenye gari nikalia.

Dogo, toa ulimi. Kila mgonjwa, hata aliyekuja kwa kikohozi.