Jibu: Natafsiri kitabu cha baiolojia, nitumie programu gani ya michoro?

Mkuu, simama hapo hapo. Funga hiyo programu ya michoro, Inkscape, kwanza. Umeuliza programu ya michoro, ya kurekodi sauti, na namna ya kupandisha maswali kwenye Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni, halafu katikati umetupia kama mzaha: "kitabu chenyewe ni CC BY-NC-ND, nimeshatafsiri sura mbili." Hapo ndipo unapoungua, wewe unauliza habari za michoro.

Hizo herufi ni leseni ya Creative Commons (CC), yaani ruhusa ambayo mwenye kazi ameitoa mapema pamoja na masharti yake. Sharti la ND linakataza kusambaza kazi ya mtu ikiwa umeibadilisha, na kutafsiri ni kuibadilisha. Ukijisomea mwenyewe chumbani, hakuna ugomvi. Ukiisambaza, hata bure kabisa, umevunja leseni.

Mimi nilitafsiri sura 11. Miezi minne ya kukesha. Mchoro wa moyo peke yake ulinila siku mbili: nafuta neno, naandika la Kiswahili, linakuwa refu kuliko nafasi yake, nasogeza mshale, mshale unakwenda kuchoma ventrikali. Nikapeleka kwenye hazina ya nyenzo huria nikisubiri pongezi. Mhakiki akanijibu mstari mmoja: "Umeiona alama ya = ukurasa wa pili?" Ile ya sawasawa ndani ya kiduara, ndiyo alama ya ND! Mimi nilidhani ni urembo. Nikawaandikia wenyewe, mwandishi alifurahi, mchapishaji mwenye haki akagoma. Faili ninazo mpaka leo. Msomaji wake ni mmoja, na hajawahi kulalamikia tafsiri.

Aliyenipoteza ni mkufunzi wa semina. Alisimama mbele ya watu wazima akatamka kwamba ukitumia programu huria, kazi yako nayo inakuwa huria. Uongo mtupu, na vyeti akatugawia! Picha ya mtu haibadiliki leseni kwa sababu umeifungulia GIMP, programu huria ya picha. Na ukiona "CC" tu usishangilie: leseni zake ziko 6, na mbili zenye ND hazifai kwa tafsiri hata kidogo. Tafuta kitabu chenye CC BY, inayodai umtaje mwenye kazi tu, au BY-SA, ila hii itakudai na tafsiri yako uitoe kwa leseni ileile. Zenye NC bila ND zinaruhusu pia, mradi isiwe biashara. Soma leseni kabla hujafungua programu yoyote. Kabla!

Sauti, Audacity inatosha. Ya Moodle nimeshasahau ulitaka nini. Bandika hapa ukurasa wa haki wa hicho kitabu tuusome, na sura ya tatu usiiguse.